Kimbunga kinakuja Houston: uondoke au ubaki? Mwongozo kamili kwa sisi tuliokulia kwenye masika

Kila mwaka ikifika Agosti na kitu kimeanza kuzunguka kule Ghuba ya Mexico, simu yangu haipumziki. Dada mmoja yuko Alief anauliza vipi mnaondoka, shemeji wa Katy anasema gari lishajaa mafuta na mabegi yako ndani, jamaa wa Pearland anasema yeye kwa upepo hakimbii, na mama anapiga kutoka Tanga saa nane usiku ya huku, kwake saa nne asubuhi, sababu kasikia redioni Texas inapigwa, sasa kaa umweleze kwamba Texas ni kubwa kuliko Kenya nzima, hataki kusikia hayo, anataka sauti yako tu. Wote hao wanauliza swali moja na wanataka jibu moja la mji mzima, na hapo ndo tunapopotea, sababu watu wawili mtaa mmoja, mmoja anatakiwa aondoke leo na mwingine akiondoka anaziba barabara bure.

Mimi nimekosea mara mbili na zote nimelipa. Mwaka 2017 Harvey ilipokuja nilikuwa kwenye apatimenti ya chini karibu na Brays Bayou (bayu ni mto wa polepole unaopita mjini), nikasikia kimeingia Rockport kikiwa daraja la 4 alafu kimepungua, sa hivi ni dhoruba tu, nikasema ah kimekwisha, nikalala. Saa tisa usiku nimeweka mguu chini nikakanyaga maji. Mwaka 2024 Beryl nikawa mjanja, nikajiandaa kwa maji mpaka mifuko ya mchanga, maji hayakuja hata tone sebuleni, ila umeme ulikatika siku 6 katikati ya Julai na mama alikuwa amekuja kututembelea, ana presha. Kwahiyo haya ninayoandika si ya kusoma tu, nimeyakanyaga.

Kwanza tuelewane kinachoua ni nini

Daraja la kimbunga, lile la 1 mpaka la 5, linapima upepo tu. La 1 linaanza maili 74 kwa saa, kama kilomita 119, la 5 ni maili 157 kwenda juu, kilomita 252. Halikwambii mvua itanyesha kiasi gani, halikwambii bahari itapanda futi ngapi, halikwambii utakaa gizani siku ngapi. Sasa angalia: Ike mwaka 2008 kilipiga Galveston usiku wa kuamkia Septemba 13 kikiwa daraja la 2 tu, watu wa Bolivar, rasi ya jirani, wakasema la 2 tushaona, bahari ikapanda futi 15 mpaka 20 ikafuta karibu kijiji kizima cha Gilchrist, na idara ya hali ya hewa ilikuwa imeshaandika waziwazi kwamba atakayebaki kwenye nyumba ya ghorofa moja au mbili pale pwani anakabili kifo cha uhakika. Allison mwaka 2001 haikufika hata kuwa kimbunga, ilikuwa dhoruba ya kawaida, ikajaza maji hospitali za Texas Medical Center. Harvey, waliokufa moja kwa moja Texas ni 68, na wote isipokuwa watatu ni maji ya mvua, mafuriko, wengi wakiwa kwenye magari.

Wenyeji wana msemo wao: kimbia maji, jifiche upepo. Mimi naongezea cha tatu ambacho Beryl ilinifundisha, pima umeme. Hivyo vitatu kwa mpangilio huo, maji, upepo, umeme, ndo uamuzi wako wote.

Hatua ya 1: Yajue maji ya anwani yako, na ujue sasa hivi kabla hakuna kimbunga

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo ambayo watu wanairuka, wanakuja kuulizia siku mbili kabla wakati tovuti zimezidiwa. Msimu unaanza Juni 1 unaisha Novemba 30, na kilele ni kama Septemba 10. Fanya hili Mei, ni kazi ya jioni moja.

Kuna maji ya aina mbili. Ya kwanza ni bahari kupanda, yani upepo unaisukuma bahari nchi kavu kama unavyosukuma maji kwenye karai, na hayo yanakuja na nguvu ya kubomoa nyumba. Kwa hayo, mji umegawanywa kwa zipu kodi, yani namba za posta: kuna eneo la Pwani, alafu A, B na C. Galveston, Bolivar, Freeport, Kemah, Seabrook, La Porte, Baytown, huko ndo kwenyewe. Chukua zipu kodi yako ya tarakimu tano, fungua ramani ya maeneo ya kuhama ya kaunti, tafuta. Kama upo ndani ya herufi yoyote, andika kwenye karatasi bandika kwenye friji, na hapo ujue eneo lako likiitwa unaondoka, haina mjadala wala kusubiri jirani. Kama zipu kodi yako haipo kabisa kwenye ramani ile, na Wabongo na Wakenya wengi tunaokaa Alief, Katy, Cypress, Spring hatumo, basi bahari haikufikii, na amri ya kuhama ya bahari haikuhusu wewe.

Ila usishangilie. Maji ya pili ni ya mvua, na Houston ni tambarare kama meza, maji hayana pa kwenda zaidi ya kwenye bayu, na bayu zikijaa yanarudi kwako. Harvey ilimwaga Nederland, mji wa Texas mashariki mwa Houston, inchi 60.58, ni zaidi ya milimita 1,500, kwa siku chache tu. Katika kaunti ya Harris nyumba zaidi ya 150,000 ziliingia maji, na karibu nusu yake zilikuwa nje kabisa ya maeneo yaliyochorwa kama ya mafuriko kwenye ramani. Soma hiyo tena. Ramani ikisema upo kwenye hatari, iamini. Ramani ikisema huna hatari, muulize jirani.

Namaanisha hivo kabisa, muulize jirani, yule mzee aliyekaa mtaa huo miaka 25 na mbwa wake. Mwulize maji yalifika wapi Allison, yalifika wapi Harvey. Mwenye nyumba wako atakwambia hapa hapajawahi kuingia maji, mimi nilikuwa nimeambiwa hivohivo, baadae nikaja kuona nyuma ya friji alama ya maji ya zamani kwenye ukuta, imepakwa rangi nusu. Angalia pia kama upo karibu na yale mabwawa mawili ya magharibi, Addicks na Barker. Mwaka 2017 yalijaa, nyumba za nyuma yake zikazama sababu zilijengwa ndani ya sehemu ambayo bwawa likijaa linafika, alafu jeshi la wahandisi linaloyasimamia likafungulia maji ili kuokoa kingo, na nyumba za mbele kando ya Buffalo Bayou zikazama nazo, tena jua lilikuwa limeanza kutoka, watu walishadhani yamepita.

Na ukiwa hapohapo kwenye hii hatua, malizia la bima. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko ni ya peke yake, na ile ya serikali kwa kawaida inasubiri siku 30 ndo ianze kazi, kwahiyo ukinunua wakati kimbunga kiko kwenye tivii umechelewa. Mpangaji naye anaweza kukata ya vitu vyake tu, watu wengi hawajui hilo.

Hatua ya 2: Iangalie nyumba kama fundi

Hii fupi. Kama unakaa kwenye nyumba ya kuvutwa, zile zinazokuja na lori, unaondoka kwa kimbunga chochote, hata cha daraja la 1, hata kama upo mbali na bahari, hata kama imefungwa na nyaya chini. Huna haja ya kujiuliza zaidi, nenda hatua ya 4 na ya 5.

Apatimenti ya ghorofa ya chini kwenye eneo linalojaa maji: mpango wako wa kwanza ni kuongea na mtu wa ghorofa ya pili kwenye jengo hilohilo kabla. Sio usiku wa tukio, kabla. Mimi usiku ule wa Harvey familia ya Kihonduras ya juu ilitufungulia mlango, hatukuwa hata tunasalimiana vizuri, tukakaa kwao siku mbili tunakula maharage yao. Apatimenti za ghorofa za juu sana, kumi kwenda juu, upepo huko ni mkali zaidi na umeme ukikatika lifti hamna, fikiria mama mjamzito au mzee kupanda hizo ngazi.

Nyumba ya kawaida ya mbao na tofali, mbali na bahari, ambayo haijawahi kuingia maji, paa zima, hakuna mti mkubwa umeinamia chumba cha kulala? Kwa upepo hiyo kwa kawaida unaweza kubaki, kama kinachokuja ni daraja la 1 au la 2. Kikija cha 3 na zaidi kinakulenga wewe moja kwa moja, mimi nitaondoka na watoto, huo ni uamuzi wangu, wengine watabaki.

Hatua ya 3: Wahesabu watu wa ndani, mmoja mmoja

Hapa ndo jibu linabadilika hata kama nyumba ni salama. Chukua karatasi, andika jina la kila anayelala humo, mbele yake andika: anahitaji umeme ili aishi? Mashine ya oksijeni, mashine ya kupumulia usingizini, insulini ya kwenye friji, mtoto mchanga, mzee wa presha, mtu anayesafishwa figo mara tatu kwa wiki. Ukiwa na hata mmoja wa hao, usijiulize nyumba itasimama au la, jiulize tukikaa siku saba bila umeme na nje nyuzi joto 35 itakuwaje. Beryl ilikuwa daraja la 1, la chini kabisa, na bado zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme eneo la Houston walizimika, wengine zaidi ya wiki, na kuna watu walikufa kwa joto ndani ya nyumba ambazo upepo haukuzigusa. Sisi mama siku ya pili alianza kuongea polepole, akasema "mwanangu, mbona Tanga joto lipo lakini halikai ndani kama hili?" Na kweli, nyumba za huku zimezibwa kila tundu kwa ajili ya AC, AC ikizima unakaa kwenye chupa, sio nyumba zetu zenye madirisha ya kupitisha upepo. Siku ya tatu tukampeleka kwa rafiki San Antonio. Ilitakiwa tumpeleke kabla.

Anayesafishwa figo, piga kituo chake mapema uulize ratiba ya kabla ya dhoruba, huwa wanawahisha watu. Mtu mwenye ulemavu au asiye na gari, piga 211, wanamwandikisha kwenye orodha ya jimbo ya wanaohitaji msaada wa kuhama, inaitwa STEAR, hailipiwi, ila inabidi ujiandikishe upya kila mwaka na kuandikishwa sio ahadi kwamba lazima watakuja. Kiingereza kikikushinda sema tu Swahili, usikate simu, subiri mkalimani.

Alafu kuna jambo letu sisi hasa. Wengi wetu tuko kwenye uuguzi, CNA yani wasaidizi wa wauguzi, nyumba za wazee. Kazini kuna timu ya kubaki, raidauti wanaita, yani unaingia kabla kimbunga hakijafika na unalala hukohuko mpaka kipite, inaweza kuwa siku tatu. Kama jina lako limo kwenye timu hiyo, uamuzi wa familia hauwezi kukusubiri wewe. Nani atakuwa na watoto? Ana gari? Ana ufunguo? Anajua dawa ziko wapi? Namjua dada mmoja, mama wa watoto wawili peke yake, alipigiwa simu Jumapili mchana aingie kazini jioni, akawa anazunguka na watoto kwenye gari anatafuta pa kuwaacha na mvua ishaanza. Uliza mapema, Juni, upo timu gani, na kama huna wa kumwachia watoto sema wakati huo, usiseme siku yenyewe.

Hatua ya 4: Weka saa yako ya mwisho, usisubiri uhakika

Uhakika hauji. Kituo cha taifa cha vimbunga kule Miami kinatoa taarifa kamili saa kumi na saa nne, saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi, saa kumi jioni, saa nne usiku, kwa saa zetu za Houston. Soma hizo nne basi, acha kushinda kwenye video za watu wanaopiga kelele mitandaoni.

Ile koni nyeupe kwenye ramani watu wengi tunaisoma vibaya. Inaonyesha katikati ya kimbunga panaweza kupita wapi, na hata hapo katikati inabaki ndani ya koni kama mara mbili katika tatu. Ukubwa wa kimbunga haumo, mvua na upepo vinatoka nje ya koni vizuri tu. Kwahiyo kusema "sisi tuko nje ya mstari" ni kujidanganya. Na nguvu inaweza kubadilika ukiwa umelala, Milton mwezi wa kumi 2024 kilitoka daraja la 1 mpaka la 5 ndani ya siku moja.

Tangazo la kwanza, kwamba hali ya kimbunga inawezekana, linatoka kama masaa 48 kabla upepo wa dhoruba haujafika. Onyo lenyewe, kwamba inategemewa, masaa 36. Huo upepo wa dhoruba unaanzia maili 39 kwa saa na ukishafika huna tena muda wa kupanda ngazi, kupigilia mbao wala kuendesha gari lililojaa watoto. Kwahiyo saa ya kuhesabia ni ile ya upepo wa kwanza kufika. Saa ya kimbunga chenyewe kutua isahau, wakati huo utakuwa umeshajifungia kitambo. Kituo cha Miami kina ramani ya kukuonyesha upepo huo utafika kwako saa ngapi. Ichukue hiyo saa, rudi nyuma. Kwa mfano upepo unategemewa Jumapili saa mbili usiku. Wa Pwani na A: mimi ningeondoka Ijumaa jioni, au Jumamosi alfajiri mwisho. Mwenye mgonjwa: hivohivo. Aliye kwenye nyumba ya kuvutwa hapa mjini, anakwenda kwa rafiki maili 15: Jumamosi mchana. Andika saa hiyo, mwambie mtu mmoja nje ya Houston, ikifika na taarifa haijabadilika kuwa nzuri, ondoka. Amri ya serikali ikitangulia saa yako, fuata amri. Ikichelewa, usiisubiri, Florida mwaka 2022 kwa Ian kuna kaunti watu waliambiwa wahame asubuhi, kesho yake kimbunga kiko juu yao.

Na hapa nakubali, mara nyingine utaondoka na kitakwenda Louisiana. Utachekwa. Utakuwa umetumia pesa ya mafuta na siku mbili za kazi. Mimi nishachekwa, haiumi.

Hatua ya 5: Kama unaondoka

Kabla hujawasha gari, jua habari ya Rita, Septemba 2005. Katrina ilikuwa imezamisha New Orleans wiki tatu kabla, watu wa Houston wakaogopa wakaondoka wote, wanaotakiwa na wasiotakiwa, mamilioni, kwenda Dallas ikachukua siku nzima na zaidi kwa safari ya masaa manne, magari yakaisha mafuta barabarani, joto, na waliokufa kwenye kule kuhama wanapita 100. Basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya wazee liliwaka moto karibu na Dallas na mitungi ya oksijeni ikalipuka, wakafa 23. Kimbunga chenyewe kikaenda kutua mpakani na Louisiana. Ndo maana mwaka 2017 viongozi wa Houston hawakuamuru mji uhame, mpaka leo watu wanabishana kama walikuwa sahihi, mimi naona walikuwa sahihi kwa mji ila sio kwa kila mtaa.

Somo la Rita ni kwamba huhitaji kwenda mbali. Nenda makumi ya maili, usiende mamia. Mtu wa Seabrook akilala kwa rafiki Cypress kashaepuka bahari. Unakimbia maji, hukimbii Texas. Kwa mgonjwa wa umeme hapo ndo nenda mbali zaidi, San Antonio ni maili kama 200, Austin 165, sababu unatafuta mji wenye umeme.

Mafuta: kuanzia Juni usiruhusu tenki ishuke chini ya nusu. Siku ya foleni ya petroli ni siku ya kuondoka, hutaki kuwa kwenye foleni zote mbili. Chapa njia mbili kwenye karatasi sababu mtandao huzidiwa. Fungasha dawa za wiki mbili, miwani, nguo, maji, pesa taslimu za noti ndogo. Karatasi: pasipoti zote, grini kadi, vibali vya kazi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mkataba wa nyumba, kadi za bima, weka kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga na zipu alafu vipige picha vyote uvitume kwa ndugu nje ya jimbo. Cheti cha kuzaliwa cha Tanga kikilowa, kupata kingine ukiwa huku ni hadithi ya mwaka mzima. Zunguka nyumba nzima na simu ukirekodi video, kila chumba, fungua makabati, hiyo ndo itakutetea kwa bima.

Barabarani, usivuke maji. Inchi 6 zinazokwenda kasi zinamwangusha mtu mzima, inchi 12 zinabeba gari dogo, futi 2 zinabeba karibu gari lolote pamoja na hilo lako kubwa la magurudumu manne. Chini ya madaraja ya barabara za huku hujaa kwanza, na usiku huoni kina. Geuza.

Hatua ya 6: Kama unabaki

Kubaki nako ni kazi, sio kukaa tu. Galoni moja ya maji kwa mtu kwa siku, weka ya wiki. Jaza bafu, hayo sio ya kunywa, ni ya chooni. Pika vyakula vya friji kwanza. Chaji kila kitu, pawabenki, na uwe na redio ya betri. Tochi, sio mishumaa.

Jenereta inakaa nje, futi 20 kutoka kwenye nyumba, mita 6, bomba la moshi likitazama mbali na madirisha. Sio gereji, hata kama mlango wa gereji uko wazi. Na sisi tuna hili letu: jiko la mkaa. Umeme umekatika siku ya pili, mtu anakumbuka nyumbani, anaingiza ile grili ndani apike ugali sababu nje kuna mvua. Usifanye. Kule nyumbani jiko linakaa kwenye nyumba yenye matundu, hizi za huku nimeshasema ni chupa, ule moshi usioonekana unaua familia usingizini.

Upepo ukianza, kaeni chumba cha ndani kisicho na dirisha, korido au kabati kubwa. Ukiona ghafla kumetulia kimya kabisa usitoke kufunga geti, inawezekana ni jicho, yani katikati ya kimbunga, upepo unarudi kutoka upande wa pili. Maji yakiingia na yanapanda, zima umeme kwenye swichi kubwa kama kwenda pale ni pakavu, panda juu, ila usiingie darini kama huna pa kutokea. Wakati wa Harvey waokoaji walikuwa wanawaambia watu nendeni juu ya paa, msikae ndani ya dari, sababu maji yakikufuata mle ndani hamna mlango. Kama dari ndo njia pekee, panda na shoka.

Hatua ya 7: Baada ya kupita

Waliobaki, msitoke kutembea kwenye maji, kuna nyaya za umeme, kuna mafuniko ya mitaro yameng'oka, kuna nyoka na kuna wale sisimizi wa moto wanaoelea kwa kundi kama kipande cha mkeka. Wakati wa Beryl watu waligundua kitu cha kuchekesha, ukifungua programu ya simu ya Whataburger, migahawa ya baga, inaonyesha matawi gani yamefungua, kwahiyo ukajua umeme umerudi mtaa gani kabla hata hujaambiwa rasmi. Tuliitumia kumtafutia mama pa kukaa penye AC mchana.

Walioondoka, msirudi sababu mvua imekatika. Ulizeni jirani: barabara zinapitika, maji ya bomba yako sawa, umeme upo? Mkirudi kwenye nyumba isiyo na umeme na mtoto mchanga mmerudi kwenye lile mlilokimbia.

Na friji. Likifungwa bila kufunguliwa chakula kinakaa kama masaa 4, friza iliyojaa masaa 48. Tatizo ukiwa umeondoka hujui umeme ulikatika muda gani, unaweza kukuta umerudi na kila kitu kimeganda tena vizuri, kumbe katikati kilioza. Kwahiyo kabla hujaondoka gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu, funga. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, chakula kipo. Ukiikuta imezama chini ya kikombe, maji yaliyeyuka yote alafu yakaganda upya, usinuse wala usionje, tupa vyote. Mama alinibishia hapo, alikuwa kanibebea papa mkavu kutoka Tanga na akauweka mlemle kwenye friza pamoja na mchuzi, akasema papa mkavu haozi kwa kimbunga. Tuliutupa mchuzi, papa ukabaki, na kwa papa alikuwa sahihi.